Sanduku la kwanza la marafiki: ni mchezo gani wa mezani uanze nao Lubumbashi?

Lubumbashi hatukosi michezo. Chini ya mwembe kuna dame inayochezwa kwa vifuniko vya chupa, watoto wana ludo, karata zipo karibu kila parsele, na wazee wa Kiluba bado wanaijua kisolo na mashimo yake. Kwa hiyo anayeleta mchezo mpya wa sandukuni anawaomba wenzake waache, kwa saa nzima, kitu wanachokimudu tangu utoto. Afadhali achague vizuri, kwa sababu jioni ya kwanza ikiharibika, jioni ya pili haitakuwepo.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya kisasa iliyochipuka hasa Ujerumani na kusambaa duniani kuanzia miaka ya 1990. Sheria zake ni fupi, muda wake ni saa moja hivi au chini, na mara nyingi hakuna anayetolewa kabla ya mwisho. Hilo la mwisho lina uzito. Katika Monopoly mtu anafilisika mapema, kisha anakaa kando na simu yake huku wenzake wakiendelea. Karibu yote nitakayoilinganisha hapa inambakiza kila mgeni mezani hadi hesabu ya mwisho.

Kwenye masanduku mengi utaona alama ya Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani inayotolewa kila mwaka tangu 1979. Ni alama ya kuaminika, maana majaji wake hutafuta mchezo ambao familia nzima inauelewa. Lakini familia iliyo kichwani mwao ina watu wanne, na wote wanne wanasoma lugha moja. Hapa kwetu unaalika watatu wanakuja sita: mmoja amefuatana na binamu yake, mwingine na mchumba. Mmoja amesoma chuo kikuu cha hapa, UNILU, na Kifaransa kinamtiririka. Mwingine, Kiswahili ndicho kinachomtoka bila kufikiri. Ndiyo maana mimi huhesabu viti kwanza, kisha nauliza lugha. Mchezo ukikwama kwenye mambo hayo mawili, uzuri wake mwingine wote unabaki sandukuni.

| Mchezo | Watu | Dakika | Maandishi ya kusoma |
|---|---|---|---|
| Ticket to Ride | 2–5 | 45–60 | majina ya miji tu |
| Catan | 3–4 | 75 hivi | kidogo, kwenye kadi chache |
| Carcassonne | 2–5 | 40 hivi | hakuna |
| Codenames | 4–8 na zaidi | 15–20 | ndiyo mchezo wenyewe |
| Dixit | 3–6 | 30 hivi | hakuna |
| 6 qui prend | 2–10 | 30–45 | namba tu |

Reli au ardhi: Ticket to Ride na Catan

Mtu akiuliza aanze na upi, majina haya mawili ndiyo atakayotajiwa kila mahali. Yote miwili ni mizuri. Kwa watu wapya, hata hivyo, inatofautiana kuliko masanduku yanavyoonyesha.

Ticket to Ride, ambao sanduku la Kifaransa linauita Les Aventuriers du Rail, ulitungwa na Alan R. Moon, ukatoka 2004 na kuchukua Spiel des Jahres mwaka huohuo. Ubao wake wa kwanza ni ramani ya Marekani na sehemu ya Kanada. Toleo la Ulaya lilifuata 2005. Kila mchezaji anapewa mabehewa 45 ya plastiki. Zamu yako ikifika, unachagua jambo moja kati ya matatu: kuchukua kadi za rangi, kulipa kadi za rangi moja ili uweke mabehewa kati ya miji miwili, au kuchukua tiketi mpya za safari. Hakuna la nne. Mtu ambaye hajawahi kugusa kitu zaidi ya ludo anacheza mwenyewe kabla chai haijapoa.

Ndani ya urahisi huo kuna moto. Njia ya behewa moja inakupa pointi 1, ya mabehewa mawili 2, matatu 4, manne 7, matano 10, na sita 15. Kila mtu anazitamani njia ndefu. Ila kukusanya kadi sita za rangi moja kunakula zamu, na zamu unazosubiri ndizo mwenzako anazotumia kukata njia. Juu ya hayo kuna tiketi zako za siri: ukiunganisha miji iliyoandikwa unaongezewa pointi, ukishindwa pointi hizohizo zinakatwa. Chukua tiketi ya Los Angeles hadi New York, yenye pointi 21. Umeunganisha karibu yote, imebaki njia moja fupi katikati, kadi mbili unazo mkononi, unasubiri zamu tu. Jirani yako ananyoosha mkono juu ya ramani. Yeye hajui tiketi yako, anapita tu na safari zake. Anaweka mabehewa yake mawili palepale, na meza nzima inasikia pumzi yako. Hapo mgeni anakuwa ameshaingia mchezoni, na hakuna aliyemsomea sheria zaidi ya dakika tano.

Kwa mji wetu mchezo huu una mlango wa ziada. Reli ilifika hapa, wakati huo pakiitwa Elisabethville, mwaka 1910 ikitokea kusini, na mji ukakua kwa reli na shaba. Katika familia nyingi za hapa kuna babu au mjomba aliyefanya kazi ya reli. Huhitaji kuwaeleza watu hao kwa nini kuunganisha stesheni mbili ni jambo la kushindania.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kununua. La kwanza, mwisho ni watu watano. Wa sita atakaa bila kazi. La pili linahusu mwanga. Umeme ukikatika mkabaki na taa ya sola, mabehewa ya bluu, ya kijani na meusi yanafanana mno ubaoni. Wachezaji mkiwa wachache, anzeni kugawana ya njano na mekundu. Kadi zenyewe hazina tatizo hilo, kwa kuwa kila rangi ina alama yake.

Catan umetungwa na Klaus Teuber wa Ujerumani na ulitoka 1995, ukashinda tuzo mwaka uleule. Ndio uliofungulia dunia nzima mlango wa michezo hii. Vigae 19 vya pembe sita vinapangwa kuwa kisiwa. Kila kigae, isipokuwa cha jangwa, kina mazao yake: mbao, matofali, sufu ya kondoo, ngano au mawe ya madini. Unajenga vijiji na barabara, dadu mbili zinatupwa, na kila mwenye kijiji kando ya namba iliyotoka anapata mazao. Wa kwanza kufika pointi 10 ndiye mshindi.

Utamu wa Catan uko kwenye biashara. Zamu yako inaruhusu kubadilishana mazao na mtu yeyote, kwa bei mtakayopatana, na hapo Lubumbashi tuko nyumbani.

"Yaya, unipatie tofali moja, nikupe kondoo."

"Kondoo? Kondoo ninao mpaka nimechoka nao. Ongeza ngano."

"Ngano yangu ni hii moja, yaya. Basi kondoo wawili."

"Haya, lakini usijenge upande wangu."

Ahadi ya mwisho haina nguvu kisheria ndani ya mchezo, na kila mtu anajua. Mchezo unaochezwa kwa mdomo namna hii hauhitaji lugha ya sandukuni. Mnapatana kwa Kiswahili, na maandishi yaliyo kwenye kadi chache za maendeleo mtu mmoja anaweza kuyasoma kwa wote.

Ninachokiogopa kwa wageni ni mwanzo wake. Kabla ya dadu ya kwanza, kila mchezaji anaweka vijiji viwili, na uamuzi huo utamfuata jioni yote. Dadu mbili zina matokeo 36: namba 7 inatoka kwa njia sita, 6 na 8 kwa njia tano kila moja, lakini 2 na 12 zina njia moja moja tu. Anayecheza mara nyingi anakimbilia 6 na 8. Mgeni anavutiwa na kona nzuri kando ya bahari, anajenga kwenye 2, 3 na 12, kisha anakaa saa nzima akiona wenzake wakipokea mazao. Hatolewi mezani, ni kweli, ila hana cha kufanya. Dawa ipo: kitabu cha sheria kina mpangilio wa wanaoanza, wenye vijiji vilivyokwisha wekwa mahali pa haki. Utumieni bila aibu. Na mwelezeni mgeni vile vidoto vidogo vilivyo chini ya namba. Kadiri vilivyo vingi, ndivyo namba inavyotarajiwa kutoka.

Kuna pia jambazi. Ikitoka 7, mwenye kadi zaidi ya saba anapoteza nusu, na aliyetupa dadu anamweka jambazi kwenye kigae anachotaka ili kukifunga. Kati ya marafiki wa miaka mingi ni kicheko. Kati ya watu waliokutana leo, kumfungia mtu shamba lake mara tatu mfululizo kunaacha ukakasi. Ongeza kwamba sanduku la kawaida ni la watu 3 hadi 4, na nyongeza ya watu 5 hadi 6 inauzwa peke yake na inarefusha kungoja.

Mimi ningenunua Ticket to Ride kwanza, bila kusita. Catan ningeushauri kwa kundi lenye watu wanne wa kudumu, wapenda kupatana bei, wenye jioni ndefu ya Jumamosi.

Mkiwa wawili au watatu

Hapa nitapita haraka. Carcassonne, wa Klaus-Jürgen Wrede (2000, tuzo 2001), una jina la mji wa kusini mwa Ufaransa wenye kuta za kale. Vigae 72, unachomoa kimoja, unakiunganisha na vilivyopo, ukipenda unasimamisha mtu wako mdogo wa mbao awe kwenye barabara, ndani ya mji au kwenye monasteri. Mji uliokamilika unatoa pointi 2 kwa kigae, barabara 1, monasteri iliyozungukwa pande zote 9. Uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba kigae kilichochomolewa kinaonekana na wote, kwa hiyo mnaweza kumshauri bila kuchungulia siri yake. Michezo ya kwanza acheni kabisa sheria ya wakulima wa mashambani. Hesabu yake inawachanganya hata wazoefu. Mkiwa wawili, sijui mchezo bora zaidi kwa bei yake.

Splendor, wa Marc André (2014), ni wa watu 2 hadi 4: unakusanya vito, unanunua kadi, wa kwanza kufikisha pointi 15 anasababisha mwisho. Vipande vyake ni vizito na vinapendeza mkononi, na katika mji wa madini watu hufurahi kushika "almasi" na "zumaridi" mezani. Ila ni mchezo wa kimya. Kila mtu anatazama kadi zake. Kwa wanaokuja kupiga masolo, haufai.

Mkiwa sita, saba, wanane: Codenames na Dixit

Jioni zetu nyingi ziko hapa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa kuwa michezo maarufu imejaa viti vinne. Hii miwili ina nafasi ya kutosha.

Codenames ni kazi ya Vlaada Chvátil wa Jamhuri ya Cheki, ya 2015, na ilipata tuzo 2016. Maneno 25 yanawekwa mezani, matano kwa matano. Timu mbili, kila moja na kiongozi wake. Viongozi wawili pekee ndio wanaoona kadi ya siri: maneno 9 ni ya timu inayoanza, 8 ya timu ya pili, 7 ni ya wapita njia, na moja ni la muuaji. Kiongozi anasema neno moja na namba moja, basi. Timu inajadiliana na kugusa maneno. Anayemgusa muuaji ameshindwa hapohapo.

Ufanye kwa Kiswahili na mchezo unawaka. Mezani kuna MPAKA, LORI, UNGA, KENGELE, MFALME na mengine ishirini. Kiongozi anasema: "Kasumbalesa, mbili." Timu inagusa MPAKA, sawa. La pili, mmoja anasema LORI, kwa foleni ya malori anayoijua. Mwingine anakataa: Kasumbalesa ndiko unga wa mahindi kutoka Zambia unakopita, bukari ya nusu ya mji iko pale, lazima ni UNGA. Kiongozi anajua kwamba UNGA ndiye muuaji. Haruhusiwi kusema neno, wala kukunja uso. Anatazama meza. Dakika hiyo ya ubishi, watu watano wakiongea kwa pamoja na mmoja akiungulika kimya, ndiyo sababu ya kuununua mchezo huu. (Kanuni inaruhusu majina ya mahali na ya watu; yale ya maneno zaidi ya moja ndiyo inayoyaacha yategemee mapatano yenu, mimi huyaruhusu daima.)

Tatizo ni lugha, na si dogo. Sanduku la Kifaransa lina maneno ya Kifaransa, na kidokezo kizuri kinategemea maana za pembeni za neno. Asiye na Kifaransa cha kutosha atakaa kimya nyuma ya timu yake na kusema hana la kuongeza. Sitaki kuona hilo kwenye meza ya marafiki. Njia ya kwanza ni kutengeneza maneno yenu wenyewe: kata kadi za karatasi ngumu, andika maneno mia moja au mia mbili ya Kiswahili cha hapa, na mtumie kadi za siri 40 zilizomo sandukuni. Chagueni maneno yenye mizigo zaidi ya mmoja, kama paa, kaa, panda, nyota, kichwa; hayo ndiyo yanayozaa ubishi. Njia ya pili ni kununua Codenames Pictures ya 2016, ambayo ina picha 20 mezani mahali pa maneno 25. Picha zake zimechanganya vitu viwili vitatu kwa makusudi, na kidokezo unakisema kwa lugha yoyote.

Dixit ni wa Jean-Louis Roubira wa Ufaransa, ulitoka 2008 na picha za Marie Cardouat, ukashinda 2010. Kadi 84, zote picha za ndoto, hakuna hata herufi. Kila mtu ana kadi sita. Msimuliaji anachagua moja, anaiweka kifudifudi na kusema chochote: neno, sentensi, mstari wa wimbo. Wengine kila mmoja anatoa kadi yake inayofanana na maneno hayo, zinachanganywa, zinafunuliwa, wote isipokuwa msimuliaji wanapiga kura kuitafuta kadi yake. Hesabu yake ndiyo akili ya mchezo: wote wakiijua, au asiijue hata mmoja, msimuliaji anapata sifuri na wengine 2 kila mmoja. Wengine wakiijua na wengine wakikosa, msimuliaji na walioijua wanapata 3. Na kadi yako ikidanganya mtu, unaongeza 1 kwa kila kura.

Maana yake lazima useme jambo ambalo baadhi watalielewa na baadhi watalikosa. Hapo sisi tuna hazina. Methali inafanya kazi hiyo tangu zamani: ukisema "Haraka haraka haina baraka", kila mtu ana picha yake kichwani na kila mkono una kadi inayoweza kupita. Wanaotoka kwenye familia zinazoijua kasala, na desturi yake ya kumsifu mtu kwa majina na mifano, huwa hatari sana mezani. Nimeona mama mkubwa ambaye hakuwa na haja na "michezo ya watoto" akiwashinda vijana wa chuo kikuu kwa sentensi za maneno manne.

Sasa uchague vipi? Tazama wanaochelewa na wenye haya. Codenames unampokea aliyechelewa wakati wowote: anakaa upande wenye pungufu na anaanza kubishana. Dixit una viti sita kwenye sanduku la awali (toleo jipya limefikisha wanane) na aliyekuja katikati anasubiri. Mwenye haya naye anajificha salama ndani ya timu ya Codenames mpaka apate sauti, wakati Dixit humfikia zamu ya kusimulia mbele ya wote. Kwa upande mwingine, Dixit haina mshinde anayelaumiwa. Katika Codenames kiongozi aliyemponza mwenzake ataambiwa, na ataambiwa tena kesho. Kwa kundi la vijana waliozoeana, Codenames ya Kiswahili. Kwa meza yenye wazazi, mashangazi na watoto wakubwa pamoja, Dixit, na msianze chini ya watu wanne. Watatu hawatoshi kuficha kadi vizuri.

Kwa pesa kidogo

Sanduku kubwa la reli linagharimu mara tatu au nne ya mchezo mdogo wa karata, na kabla halijafika Lubumbashi limeongezewa nauli. Kwa hiyo msidharau vidogo.

6 qui prend wa Wolfgang Kramer, Mjerumani, ulitoka 1994 na ni karata 104 zenye namba 1 hadi 104. Kila mtu anapata kumi. Safu nne ziko mezani. Wote mnachagua karata moja kwa siri na kufunua kwa pamoja. Karata inakwenda kwenye safu inayoishia na namba ndogo iliyo karibu nayo zaidi. Itakayokuwa ya sita kwenye safu inamlazimu mwenye nayo kuzoa tano zilizotangulia, pamoja na pointi zake mbaya. Mkiwa watu kumi, karata 100 ziko mikononi na 4 mezani, hakuna iliyobaki, na hakuna anayeweza kupanga chochote. Mkiwa wanne unaweza kufikiri. Mimi naupenda zaidi mkiwa sita au saba. Anayejua kuhesabu anacheza, na mtoto wa miaka kumi anamshinda mwanasheria.

Skull wa Hervé Marly ni rahisi zaidi ya hapo, na mnaweza kuujaribu leo bila kununua. Kila mtu, kati ya watatu na sita, ana vipande vinne: maua matatu na fuvu moja. Chukua vifuniko vya chupa vya aina moja, vya bia ya Simba kwa mfano, na uandike kwa ndani. Kila mmoja anaweka kimoja kifudifudi, kisha kwa zamu anaongeza kingine au anatangaza idadi ya maua anayoweza kufunua bila kukuta fuvu. Wenzake wanapandisha au wanajitoa. Aliyetangaza kubwa zaidi anafunua, akianza na vyake mwenyewe. Akikuta fuvu anapoteza kipande. Akifaulu mara mbili ameshinda. Angalieni tu vifuniko visiwe na mikunjo ya kifungulio inayotambulika, la sivyo siri haipo.

Kushinda pamoja, na onyo moja

Kuna marafiki wasiopenda kushindana. Kwao upo Pandemic wa Matt Leacock, wa 2008, wa watu 2 hadi 4: wote ni timu moja dhidi ya magonjwa manne yanayosambaa katika miji 48. Kinshasa ipo ubaoni, pamoja na Lagos, Khartoum na Johannesburg. Mchezo ni mzuri, lakini kabla ya kuufungua uliza. Sisi ni nchi ambako Ebola ilitambuliwa kwa mara ya kwanza, Yambuku, 1976. Kuna atakayeelewa mara moja kazi ya kuzuia mlipuko na kuifurahia, na kuna aliyezika mtu kwa ugonjwa na hataki kuuona mezani. Jambo jingine: mjuzi mmoja huanza kuwaamuru wote. Wekeni sharti kwamba mwenye zamu aseme wazo lake kwanza, ndipo ushauri ufuate.

Les Loups-garous de Thiercelieux, wa 2001, unajulikana kwa makundi makubwa, watu 8 hadi 18. Umezaliwa na mchezo wa Mafia alioubuni Dimitry Davidoff mjini Moscow mwaka 1986. Usiku wachache wanaua kwa siri, mchana kijiji kinamsaka mwenye hatia kwa kura. Unachangamsha sana. Lakini katika mji ambako kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa tuhuma za ulozi, sitawaketisha watu duara wanyoosheane vidole kuhusu nani hugeuka mnyama usiku. Sheria zinabaki zilezile mkibadilisha hadithi: wezi wa nyaya za umeme upande mmoja, wakaazi wa kartie upande wa pili. Hadithi hiyo kila mtu kwenye komini zetu za Katuba au Kenya anaielewa, na hakuna anayerudi nyumbani na neno la kumtia mtoto wa jirani hatarini.

Sanduku litokee wapi

Kwa kawaida analileta ndugu anayesafiri. Akitoka Johannesburg au Lusaka, sanduku litakuwa la Kiingereza. Akitoka Paris, la Kifaransa. Akitoka Brussels, mwambie aangalie kabla ya kulipa, maana Kiholanzi pia kinauzwa hapo. Kwa Carcassonne, Dixit na 6 qui prend lugha haibadilishi kitu isipokuwa kitabu cha sheria, na vitabu hivyo hupatikana kwenye intaneti kwa Kifaransa bila malipo. Kwa Ticket to Ride pia hakuna shida. Codenames ya maneno ndiyo msiipokee kwa lugha msiyoitumia.

Na msimwagize nyongeza yoyote kabla mchezo wa msingi haujachoka mikononi mwenu. Watu huvutiwa na ramani ya Ticket to Ride iitwayo The Heart of Africa, ya 2012, kwa sababu ya jina na kwa sababu inaonyesha upande wetu wa dunia. Ni nzuri, lakini ndani yake hamna mabehewa wala kadi za treni; bila sanduku la msingi ni ubao mtupu, na njia zake ni ngumu kuliko zile za mwanzo.